Somo: Mboji ya Moto kwa Bustani ya Kikundi, Kuanzia Ndoo ya Mabaki hadi Kwenye Tuta

Vikundi vingi huanza mradi wa mboji kwa kugawa ndoo za kukusanyia mabaki ya jikoni. Baada ya muda mfupi lundo linanuka, jirani analalamika, na mradi unakufia hapo. Anzeni upande wa pili: kusanyeni makavu kwanza. Mabaki ya jikoni hayakosekani hata siku moja, lakini majani makavu yana msimu wake, na ukipita umepita. Msipokee ndoo ya kwanza kabla hamjaweka akiba ya ndoo 40 za makavu mahali pasiponyeshewa.

Hesabu yenyewe ni hii. Lundo hushika moto vizuri (yaani hupanda joto lenyewe kwa kazi ya bakteria, si kuwaka) likifika mita 1 ya ujazo, yaani mita 1 kwa 1 kwa 1. Likiwa dogo, joto hutoroka pembeni haraka kuliko bakteria wanavyolizalisha. Kwa kuwa vitu hubonyea, kuijaza nafasi hiyo kunahitaji kama ndoo 60 za lita 20: makavu 40 na mabichi 20. Kwa ujazo huo mnakaribia sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni, kiwango ambacho bakteria wanakipenda.

Makavu ni majani yaliyoanguka, mabua, nyasi kavu, maboksi yaliyochanwachanwa. Mabichi ni maganda ya mboga na matunda, machicha ya kahawa, nyasi mbichi na samadi. Samadi huhesabiwa upande wa mabichi hata ikiwa imekauka, kwa sababu kinachopimwa hapa ni naitrojeni, si maji. Vumbi la mbao lisizidi ndoo 1 katika kila 10 za makavu. Hushikamana likaziba hewa, na kaboni yake ni nyingi mno.

Hatua ya 1: Mahali na masanduku
Chagueni pahali penye kivuli, juu ya udongo si saruji, mbali na kisima na mto, na maji ya mvua yasituame. Jengeni vyumba vitatu vilivyopakana, kila kimoja mita 1 kila upande, vikiwa wazi mbele. Mbao za paleti zinafaa, ila soma alama iliyochomwa juu yake: HT maana yake imetibiwa kwa joto, chukua, MB imefukizwa kwa sumu ya gesi, iache. Chumba cha kwanza ni cha lundo jipya, cha pili cha kugeuzia, cha tatu cha kukomazia.

Hatua ya 2: Ndoo za nyumbani
Kila kaya ipewe ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, na kila ikimwagwa irudishwe kwao ikiwa na gao mbili za majani makavu chini. Gao hizo hunyonya maji na kuzuia harufu jikoni. Bandikeni kwenye mfuniko orodha ya visivyotakiwa: nyama, samaki, mifupa, maziwa, mafuta, chakula kilichopikwa, kinyesi cha mbwa na paka. Na zile stika ndogo za matunda! Haziozi, na mtaziokota kwenye tuta mwaka mzima.

Hatua ya 3: Kujenga lundo, yote kwa siku moja
Lundo la moto halijengwi kidogokidogo. Tandazeni vijiti sentimita 15 chini ili hewa iingie. Kateni vitu virefu viwe kama sentimita 5. Kisha changanyeni ndoo 2 za makavu na 1 ya mabichi pembeni, nyunyizieni maji, ndipo mrundike. Wengi hupanga tabaka kwa tabaka kwa sababu linapendeza kulitazama, lakini nyasi mbichi zikiachwa tabaka nene hugandamana zikawa mkeka wa ute usiopitisha hewa.

Maji hupimwa kwa mkono. Chota gao moja, ukamue kwa nguvu zote: litoke tone moja au mawili. Yakichuruzika, ongeza makavu. Lisipotoka hata tone na gao likamomonyoka ukifungua kiganja, ongeza maji. Mkishamaliza, funikeni lundo kwa majani makavu unene wa sentimita 10. Ndiyo yanayonasa harufu na kuwanyima nzi pa kutagia. Turubai likae juu kuzuia mvua, pembeni mwache hewa ipite.

Hatua ya 4: Joto na kugeuza
Tumieni kipimajoto chenye shina la sentimita 50. Pimeni saa ileile kila siku, sehemu tatu, kisha muandike daftarini. Kufikia siku ya pili au ya tatu lundo linapaswa kuwa nyuzi 55 za Selsiasi. Kama hakuna kipimajoto, chomekeni nondo katikati, mngoje dakika tano: ikiwa huwezi kuendelea kuishika, lundo limeshika moto.

Nyuzi 55 zikikaa siku tatu mfululizo huua vimelea vingi vya magonjwa na mbegu nyingi za magugu, lakini ni katikati tu. Ndiyo sababu ya kugeuza: kilichokuwa nje kiingie ndani, cha ndani kitoke nje, lundo lote likihamia chumba cha pili. Geuzeni joto likipita 65, kwa kuwa hapo bakteria wenye manufaa huanza kufa, au likishuka chini ya 50. Kwa kawaida ni mara nne au tano ndani ya wiki tatu hadi nne. Kila mara pimeni maji upya kwa mkono. Mvuke hubeba maji mengi kuliko mnavyodhani.

Wanaogeuza wavae glavu na barakoa, na lundo linyunyiziwe kwanza lisitoe vumbi. Vumbi la mboji lina mbegu za kuvu, na wakati mwingine bakteria wa lejionela, wanaoleta homa ya mapafu. Mwenye pumu au kinga dhaifu apewe kazi nyingine.

Hatua ya 5: Kukomaza na kujaribu
Lundo likigeuzwa lisipande joto tena, lihamie chumba cha tatu, likae wiki nne hadi nane. Msiruke hatua hii, kwani mboji changa hugombania naitrojeni na mizizi, na miche hugeuka njano. Kujua kama imeiva, tia gao mbili zenye unyevu kwenye mfuko, funga, fungua baada ya siku tatu. Ikinuka udongo wa msituni, imeiva. Ikinuka uchachu au mayai viza, bado.

Chekecheni kwa wavu wa matundu ya milimita 10. Makapi yanayobaki juu yarudi kwenye lundo jipya kama chachu. Lundo moja litawapa kama lita 400. Tuta likitandazwa unene wa sentimita 3 hula lita 30 kwa mita moja ya mraba, yaani ndoo moja na nusu, kwa hiyo mtafunika kama mita 13 za mraba. Ni vizuri wanachama waijue hesabu hii mapema, asije mtu akaahidiwa gunia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Wakuu, lundo letu lina siku tano na joto haliendi zaidi ya 30. Tatizo nini?
Jibu: Chimbeni hadi katikati kabla ya kuongeza chochote. Mkikuta pakavu, na mara nyingi ndivyo ilivyo, libomoeni mlijenge upya mkinyunyizia. Maji ya kumwagia juu hupita pembeni tu. Mkikuta pana unyevu na majani bado mazima, mabichi ni machache: changanyeni ndoo 3 za nyasi mbichi au samadi ya kuku. Kama lundo halifiki kiunoni, ni dogo.

Swali: Likigeuzwa linatoa harufu kali inayochoma macho.
Jibu: Hiyo ni amonia; naitrojeni imezidi na inawatoroka hewani. Ongezeni ndoo 6 hadi 8 za makavu. Msilichanganye na lile linalonuka mayai viza: hilo limekosa hewa, dawa yake ni kuligeuza na kuongeza vitu vigumu kama mabua.

Swali: Tumeona unga mweupe ndani kama majivu. Tutupe?
Jibu: Hapana. Ni bakteria wanaopenda joto na ukavu. Lundo limepata moto hadi likakauka. Lirudishieni maji wakati wa kugeuza.

Swali: Sisi ni kaya 20 tu, ndoo za wiki nzima hazifiki 20 za lita 20.
Jibu: Kaya 20 zenye ndoo ya lita 10 zinaleta lita 200, yaani ndoo 10 kubwa. Nusu nyingine iwe nyasi mbichi zilizofyekwa asubuhi ya siku ya kujenga, au samadi. Kama hamna vyote viwili, hifadhini mabaki kwenye pipa lenye matundu, kila ndoo ya mabaki ikichanganywa na moja ya makavu, kwa muda usiozidi wiki moja. Makavu hayo muyatoe kwenye hesabu ya zile 40.

Swali: Mradi wetu unafadhiliwa kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi. Tukisema mboji inapunguza methani tuko sahihi?
Jibu: Mko sahihi lundo likiwa na hewa. Mabaki yakizikwa dampo hukosa oksijeni yakatoa methani, ambayo kwa uzito uleule huongeza joto la dunia kama mara 27 ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Lakini lundo lililolowa chepechepe nalo hutoa methani, dogo au kubwa. Kwa ripoti, daftari la joto na la kugeuza lina thamani kuliko picha za tabasamu.

Swali: Tuna wazee na watu waliotumwa na kliniki wajichanganye na wenzao. Hawawezi kushika uma wa kugeuzia lundo. Wafanye nini?
Jibu: Kusoma kipimajoto na kuandika daftari ni kazi ya kila siku yenye sababu ya kutoka nyumbani. Kuchambua ndoo na kuchana maboksi hufanyika watu wamekaa mezani wakizungumza. Wapangeni wawiliwawili kwa majina, wiki kwa wiki. Kazi ikiachwa kuwa ya wote haifanywi na yeyote.

Swali: Samadi tumepewa bure na mfugaji. Kuna hatari?
Jibu: Muulizeni kama malisho yalipuliziwa dawa ya magugu. Dawa kama aminopiralidi na klopiralidi hupita tumboni mwa mnyama na huweza kustahimili moto wa lundo. Kabla ya kuitumia mboji yenye samadi hiyo, pandeni maharage kwenye vyungu vitatu vyenye mboji na udongo nusu kwa nusu, na vitatu vya udongo mtupu. Baada ya wiki tatu, majani machanga yakijikunja kama kikombe kwenye vile vya mboji tu, msiitie kwenye mboga. Itandazeni kwenye nyasi zisizokatwa kwa ajili ya mboji.