Somo: Machicha ya bia kwa nguruwe, tangu kiwandani hadi kihorini

Wafugaji wenzangu, mahindi tunayowapa nguruwe ndiyo yale yale tunayosaga kwa ugali. Machicha hayamnyang'anyi mtu sahani yake: ni shayiri iliyokwisha kutoa sukari, na ikimwagwa hovyo inaoza na kuchafua mito.

1. Piga hesabu ya gari kwanza. Machicha mabichi ni maji kwa zaidi ya robo tatu. Kwenye kilo 100, chakula chenyewe ni kilo 20 hadi 25 tu. Nyingine umelipia nauli ya maji. Aliye mbali na kiwanda afikirie mara mbili.

2. Hifadhi siku hiyo hiyo. Kwa joto letu yanaharibika ndani ya siku mbili tatu. Shindilia kwenye pipa tabaka kwa tabaka hadi hewa itoke, ukinyunyiza molasi kilo 2 au 3 kwa kila kilo 100. Funika kwa nailoni, kaza mfuniko, acha wiki tatu. Yaliyoiva yananukia uchachu kama togwa. Ukiona ukungu, tupa, hata kama roho inauma: sumu yake huharibu ini na kuvuruga uzazi wa majike.

3. Changanya. Yakikaushwa, protini ni kama asilimia 20 hadi 25, lakini nyuzi ni nyingi, na nguruwe si ng'ombe. Anza na nusu kilo ya machicha ya pipa, yakiwa na maji yake, kwa siku, panda polepole hadi kilo 2 kwa nguruwe aliyevuka kilo 40. Pumba za mahindi ziwepo kwa ajili ya nguvu, soya iliyokaangwa au dagaa kwa ajili ya lisini (kijenzi cha protini ambacho nguruwe anakihitaji ili akue), pamoja na chokaa ya mifugo na chumvi kidogo.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, watoto walioachishwa juzi niwape?*
Hapana, dada. Matumbo yao hayajaweza nyuzi hizo. Jike lenye mimba ndilo linayamudu vizuri.

*Na machicha ya pombe ya kienyeji?*
Yanafaa, ila yakamue sana. Yanabaki na kileo, nguruwe wanalewa.

*Naweza kuchanganya na makombo ya hoteli?*
Hapo kaka naomba unisikie. Makombo yenye nyama ya nguruwe yanaweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika, nayo haina tiba. Ukiyatumia, yachemshe dakika 30 huku ukikoroga. Na gari la machicha likitoka banda la mwenzako, lishushie mzigo getini, lisije likakuletea homa hiyo.