Kutunza rangi ya uduvi cheri: usimsahau dume

Uduvi cheri (Neocaridina davidi), uduvi wadogo wa kufugwa tangini, wekundu, wa manjano, wa buluu, wa chungwa na wa chokoleti wote ni spishi moja. Ukiwachanganya watazaana, na baada ya kizazi kimoja au viwili tangi litajaa uduvi wa kahawia au wasio na rangi, kama jamaa zao wa porini. Rangi nyingi hubebwa na jeni zinazojificha: mtoto akipata nakala moja tu ya jeni ya rangi kutoka upande mmoja, rangi hiyo haionekani. Kwa hiyo tangi moja, rangi moja.

Anza na uduvi 10 hadi 15 wa rangi moja katika tangi la lita 30 hivi lenye kichujio cha sponji, maana vichujio vya mota huvuta watoto. Tangi liwe limekaa na maji wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwatia. Joto liwe nyuzi 21 hadi 24, pH (kipimo cha asidi ya maji) 6.5 hadi 7.5, GH (ugumu wa maji, yaani madini yaliyomo) 6 hadi 8. Epuka dawa yoyote yenye shaba, inawaua.

Kazi yenyewe ni kuchagua. Usihukumu watoto wadogo, kwani karibu wote bado hawana rangi, miili yao huonyesha ndani kama kioo. Subiri wafike kama sentimita 1.5, wahamishie kwenye bakuli jeupe lenye maji ya tangi lao, kisha waache watulie, kwa sababu aliyeshtuka hupauka. Tazama kama rangi imefunika mwili wote au kuna mabaka yasiyo na rangi, unayoweza kuona ndani ya mwili kupitia kwayo. Halafu tazama miguu: miguu ikiwa na rangi, mbegu ni nzuri.

Hapa ndipo wengi hukosea. Jike ni mkubwa, tumbo lake limeshuka, na mgongoni huonekana tandiko, yaani baka la mayai ambayo bado yamo mwilini. Dume ni mwembamba na hupauka zaidi. Mtu huchagua majike mazuri na kuwaacha madume wote, akidhani weupe wao ni wa kawaida tu. Lakini nusu ya jeni za kila mtoto hutoka kwa dume. Mlinganishe dume na madume wenzake, ubakize bora mmoja kwa majike wawili au watatu. Waliobaki waondoe kabla ya miezi 2 hadi 3, umri wanapoanza kuzaa. Wahamishie tangi jingine. Kamwe usiwamwage mtoni.

Changarawe nyeusi huikoleza rangi, na chakula chenye astaxanthini (kiini asilia cha rangi nyekundu) huongeza wekundu. Hayo hayarithiwi, kwa hiyo linganisha uduvi waliolelewa mahali pamoja kwa chakula kimoja.

Ukitaka kuchanganya rangi kwa makusudi, tumia tangi la pekee na jike ambaye bado hajakutana na dume. Mayai, kwa kawaida 20 hadi 30, huanguliwa baada ya wiki 3 hadi 4. Kizazi cha kwanza kikitoka kahawia, usikitupe: ndicho kilichobeba rangi zote mbili. Wazalishe wao kwa wao. Kama rangi unayoitafuta inategemea jeni moja iliyojificha, tarajia takriban mtoto mmoja kati ya wanne. Ikihitaji jeni mbili, mmoja kati ya 16. Mzao mmoja hautoshi kukuonyesha, na kufika hapo kunachukua miezi minane au zaidi.

Kila baada ya vizazi kadhaa ingiza damu mpya ya rangi ileile kutoka kwa mfugaji mwingine, ili kuepuka udhaifu wa kuzaana ndugu. Usiwatie wageni hao moja kwa moja kwenye tangi kuu. Waoanishe pembeni na wachache wako, kisha ungoje wajukuu, kwa maana jeni iliyojificha mara nyingi hujitokeza kwao, si kwa watoto.