Kuchagua banjo ya bluegrass kwa bei ya kiasi

Anayetaka kupiga bluegrass, muziki wa ala za nyuzi wa Marekani, kwa vidole vitatu, kama alivyopiga Earl Scruggs wa Marekani, atafute banjo (ala ya nyuzi yenye ngozi iliyowambwa kama ngoma) ya nyuzi 5 yenye rezoneta, yaani bakuli la mbao lililofungwa nyuma ili lirudishe sauti mbele. Fedha ziende kwenye duara linalobeba ngozi: la mbao za mepo, mti wa mbao ngumu, zenye tabaka 3, tena likiwa na pete ya shaba, hulia vizuri kuliko la alumini. Nakshi za shingoni, hata zikipendeza, haziongezi sauti. Hapa Unguja, ambako hewa ya chumvi hula chuma, kagua kutu kwenye kulabu zote zinazokaza ngozi, moja baada ya moja, kisha fumba jicho moja uitazame shingo kutoka ncha yake ya juu uone kama imepinda.