Somo: Treni ndogo inapofia njiani (soma kabla ya kuuliza)

Kila Jumamosi nikifungua chumba chetu cha reli naulizwa swali hilihili, sasa naliandika. Treni inakwenda vizuri karibu na transfoma, ikifika upande wa pili inazubaa, inasimama. Mara nyingi mota ni nzima, umeme ndio haujafika. Treni zetu za 1:87 (ndogo mara 87 kuliko za kweli) hula volti 12 kutoka relini, reli moja ikipeleka na ya pili ikirudisha, na hewa ya chumvi ya Mombasa inakula kila kiungo.

1. Zima umeme.

2. Ondoa mabehewa yote.

3. Futa reli kwa kitambaa cheupe chenye spiriti kidogo. Kikitoka cheusi, rudia.

Hapa ndipo nilipoharibu. Nilichukua sufi ya chuma ya kusugulia masufuria, reli zikang'aa kama kioo. Siku ya pili injini ikaanza kukwaruza, kisha ikatoa moshi. Nilipoifungua nilikuta nyuzi za chuma, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, zimejisokota kwenye sumaku ya mota. Sumaku ndiyo inayozivuta kutoka relini. Injini ile haikupona. Sufi ya chuma isikaribie meza yako. Msasa wa seremala nao uache, maana mikwaruzo yake hushika uchafu upesi zaidi.

4. Tia lehemu jozi ya nyaya kutoka transfoma kila baada ya mita moja hivi, ubavu wa nje wa reli, usiviachie viungio kazi ya kupitisha umeme. Nyekundu reli ya ndani, nyeusi ya nje, mzunguko mzima. Ukikosea jozi moja tu, ni shoti.

5. Pima volti upande wa mbali treni ikiwa inatembea. Reli tupu husoma vizuri hata kiungo kikiwa kibovu.

MASWALI

*Wa Changamwe:* Yangu haitembei kabisa, tatizo nini?
Umefika hatua ya ngapi?
*Wa Changamwe:* Sijaanza.
Basi anza.

*Wa Likoni:* Transfoma imeungua. Naweza kuunga kwenye soketi ya ukutani?
Hapana! Ukutani kuna volti 240 na reli ziko wazi. Utaua mtoto.

*Mwanafunzi wa Tudor:* Shikamoo mwalimu. Treni kubwa ziliwahi kupitisha umeme relini kama zetu?
Marahaba binti yangu, ziliwahi. Tena ndogo ndiyo iliyotangulia: Thomas Davenport, mhunzi wa Vermont, Marekani, aliendesha kigari cha umeme kwenye reli ya duara miaka ya 1830. Mwaka 1879 Mjerumani Werner von Siemens akabeba watu Berlin kwa volti 150, umeme ukipita reli ya tatu katikati. Tramu yake ya Lichterfelde, karibu na Berlin, 1881, ndiyo iliyotumia reli zote mbili kama meza yetu, kwa volti 180. Watu na farasi waliovuka walipigwa na umeme, na baadaye nyaya zikapandishwa juu. Treni ya Dar hadi Morogoro, iliyoanza 2024, inachukua volti 25,000 kutoka juu. Yetu ya Miritini, hapa Mombasa, bado ni dizeli. Njoo Jumamosi, nitakuonyesha kwa mita.

*Wa Kisauni:* Na kuhifadhi injini wakati wa kusi?
Mkebe wa biskuti wenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja na viatu vipya. Mimi huweka vitatu kwa mkebe.