Kabla ya Kutoka Usiku Dar Kupiga Picha Nyeusi na Nyeupe

Wapo wanaoichukulia nyeusi na nyeupe kama hospitali ya picha mbovu: rangi zikigoma, wanaziondoa na kuiita sanaa. Usiku wa Dar es Salaam haukubali ujanja huo. Picha isiyo na rangi inasimama kwa mwanga na giza tu, kwa hiyo kabla hujafunga mlango amua ni mwanga gani unaoufuata. Ukishaujua huo, mtaa wa kwenda unaujua.

Kariakoo, tuseme Mtaa wa Kongo, mwanga uko chini: balbu ya mmachinga inaning'inia juu ya viatu, inampiga muuzaji usoni na kumwacha mteja nusu gizani. Posta, katikati ya jiji, ni kinyume chake. Ofisi zikishafungwa, Barabara ya Samora inabaki na taa za barabarani na walinzi, na mtu mmoja anayevuka karibu na Sanamu ya Askari anaweza kubeba picha nzima. Anayeanza ningempeleka kwenye banda la mishikaki. Simama mahali ambapo balbu iko nyuma ya moshi, siyo nyuma yako. Moshi ambao ulikuwa hauonekani unageuka pazia jeupe, na mkono unaopepea makaa unatokeza mbele yake mweusi tii. Zunguka upande wa pili uone: moshi umepotea, umebaki na mtu anachoma nyama.

Jua la Dar huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na giza la huku karibu na ikweta halichelewi. Ukitaka mnara wa kanisa la Azania Front ujitenge na anga, una kama dakika 20. Zikipita hizo, paa na anga vinakuwa kitu kimoja. Masika watu wengi hufungia kamera kabatini, wakati lami iliyolowa ndiyo inayorudisha taa za magari hadi miguuni pako. Beba taulo dogo na mwavuli, toka. Ila ukitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi itapata ukungu hapo hapo mlangoni. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa zipu kama nusu saa, izoee joto polepole. Kufutafuta hakusaidii.

Mipangilio iweke ukiwa bado nyumbani. ISO 3200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/2 (tundu la lenzi likiwa wazi sana) na shata 1/100 (mwanga unaingia kwa sehemu moja ya mia ya sekunde) ni mahali pazuri pa kuanzia. Hiyo 1/100 ina sababu: umeme wetu ni wa Hz 50, na taa nyingi zinazoutumia hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo shata inakaa wazi kwa pepeso moja zima. Ukipiga kwa 1/250 chini ya LED za bei ya chini, hasa kwa shata ya kielektroniki (ile isiyo na pazia linalosogea), unaweza kukuta picha imechorwa mistari. Halafu kuna tabia ya kamera yenyewe. Ikiona giza jingi hudhani mwanga umepungua, basi inaongeza mpaka usiku unakuwa kijivu na balbu kwenye picha zinageuka madoa meupe matupu. Shusha stopu moja, yaani punguza mwanga kwa nusu, lakini usishushe hadi ngozi zetu zikazama: pima mwanga kwenye uso ulio chini ya taa, si kwenye ukuta mweupe. Skrini ioneshe nyeusi na nyeupe, faili lihifadhiwe kama RAW, yaani data ghafi ya kamera.

Fokasi ya kujiendesha huhangaika gizani. Lenzi ya 35mm kwenye kamera ya fremu nzima (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya 35mm), ikiwa f/2 na fokasi imefungwa kwenye mita 3, inatoa ukali kuanzia mita 2.6 hadi 3.5 hivi. Zipime sebuleni mpaka jicho lizizoee.

Flashi iache. Salamu usiiache: "Shikamoo mama, naomba nikupige picha ukiwa kazini" hufungua mengi, na akikataa baada ya kuwa umeshapiga, futa akiona. Mtoto asiye na mzazi karibu, pita. Feri, kwenye kivuko cha kwenda Kigamboni, panavutia usiku, ila Ikulu ya Magogoni iko jirani na bandari haiko mbali. Huko usielekeze lenzi, wala kwenye kambi za jeshi na vituo vya polisi. Kumweleza askari kuwa ulikuwa unapiga mwezi hakujawahi kuwa utetezi.

Vifaa: kamera moja, lenzi moja, betri mbili. Mkanda uzungushe kifundoni mwa mkono, na usisimame ukingoni mwa barabara, maana wakwapuaji huja na pikipiki. Nenda na mwenzako wa kuangalia barabara wakati wewe umebana jicho kwenye kamera. Akiwa naye ni mpiga picha, pokezaneni, kwa sababu wapiga picha wawili wakiona moshi mzuri hakuna anayekumbuka begi.