Umepata mpunga mfupi baada ya mionzi? Jinsi ya kujua ni jeni gani

Mpunga wa Supa unapendwa kwa harufu, ila shina refu, ukizidisha urea kidogo afu upepo ukapita basi shamba zima limelala. Ndo maana watu wanapiga mbegu mionzi ya gama kutafuta fupi. Ukiipata usishangilie kwanza.

Hatua ya 1. Panda mbegu zake bondeni, Kyela au Usangu, sio Uyole. Baridi ya huku juu yenyewe tu inadumaza mpunga, suke linagoma kutoka lote. Watoto wakitoka wafupi tena, endelea.

Hatua ya 2. Chavusha na Supa ya asili, na huo mfupi ndo awe mama. Jioni kata ncha za vijiua, toa vichavulio vyote sita kwa kibano, kimoja tu kikibaki umeharibu kazi, funika na bahasha. Kesho yake kwenye saa nne asubuhi Supa ikianza kufungua maua kung'utia chavua. Kwa nini mfupi awe mama? Ufupi mara nyingi ni jeni fiche, yaani hauonekani mpaka mmea urithi nakala mbili, kwa hiyo F1 (kizazi cha kwanza cha mchavusho) ikitoka ndefu unajua chavua imeingia kweli, ikitoka fupi yawezekana imejichavusha yenyewe.

Hatua ya 3. Acha F1 ijichavushe, panda F2 (kizazi cha pili) kama mimea 200, pima toka ardhini mpaka shingo ya suke. Jeni moja fiche inakupa ndefu 150 kwa fupi 50 hivi. Ukipata 157 kwa 43 usiogope, piga kai-skwea, kipimo cha kuona kama tofauti ni ya bahati tu: umekosea kwa 7, mraba wake 49, basi 49/150 + 49/50 = 1.31, iko chini ya kikomo cha 3.84, bado ni tatu kwa moja.

Hatua ya 4. Chana shina upime pingili moja moja, hapa watu wengi wanaruka na ndo penye utamu. Zote zikipungua kwa uwiano ni aina moja ya ufupi, ya pili toka juu ikifupika peke yake ni nyingine kabisa, mpunga uliobadilika jeni iitwayo d61 uko hivo na shida yake ni homoni ya brasinosteroidi.

Hatua ya 5. Wape miche jiberelini, homoni ya kurefusha mmea, aina ya GA3 miligramu 3.5 kwa lita inatosha. Ikirefuka, mmea ulikuwa hautengenezi homoni ya kutosha. Ikigoma, huenda shida iko kwenye kuipokea, kama mimea yenye jeni mbovu ya gid1.

Hatua ya 6. Iliyorefuka ichavushe na mpunga mfupi wa IR64, ambao una jeni ya ufupi sd1, ileile ya mpunga wa IR8 wa 1966 iliyotoka kwa mpunga wa Dee-geo-woo-gen wa Taiwan, ipo kromosomu ya 1 na inaharibu kimeng'enya cha kutengeneza jiberelini. F1 zote fupi? Unayo sd1. Zikiwa ndefu ni jeni nyingine, hapo angalia na punje mapema, maana jeni ya ufupi d1 kwa mfano inakupa punje ndogo za duara na mnunuzi wa Supa hizo hata bei hakutajii.