Somo: kuzimua kingamwili mpaka ziishe na kusoma mwanga wake

Wanamaabara wenzangu wa Mtwara na Lindi habari zenu. Nimeulizwa sana kuhusu maji ya kingamwili (protini za damu zinazopambana na magonjwa) yaliyozimuliwa mno, eti mashine bado inayaona, basi tufanye wenyewe.

1. Anza na IgG, aina ya kingamwili iliyo nyingi zaidi kwenye damu, miligramu 1 kwa mili 1. Spektrofotomita, yaani mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na sampuli, ukiiweka kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 280, na kiuveti (kichupa cha kupimia) cha sentimita 1, itasoma ufyonzaji kama 1.4. Kiuveti kiwe cha kwatsi, plastiki za kawaida zinakula UV, yaani mwanga wa urujuanimno tunaoutumia hapa.

2. Chukua mikrolita 100 tia kwenye maji mikrolita 900, tingisha, badili tipu, endelea hivyohivyo. Tyubu ya kwanza 0.14, ya pili 0.014, ya tatu 0.0014 na hapo mashine nyingi zinaanza kubahatisha.

3. Piga hesabu kabla hujaendelea. Ile mili 1 ya mwanzo ina molekuli kama 4 na sifuri 15 nyuma yake, kwa hiyo ukifika tyubu ya 16 mili nzima haifikishi wastani wa molekuli moja. Kuanzia hapo unapima maji.

4. Hapa ndo penye kazi. Blanki, yaani sampuli ya maji matupu ya kulinganishia, iwe maji yaleyale, yametingishwa mara zilezile, na usubiri mapovu yatoke maana yanatawanya mwanga. Halafu kuna hewa yetu ya pwani, mimi tyubu ya 18 ilinipa 0.06 nikakaa nayo jioni nzima moyo unadunda, kumbe sampuli nimetoka kuitoa kwenye friji na kiuveti kimetoa jasho, nilipomulika tochi ya simu ubavuni nikaona ukungu mwembamba kabisa. Nikafuta, nikaacha nusu saa, ikarudi sifuri.

5. Mwenzako abandike namba, wewe usijue tyubu ipi ni ipi. Hii msiruke jamani. Mwaka 1988 mwanasayansi Jacques Benveniste wa Ufaransa aliandika kwenye jarida la sayansi la Nature kwamba kingamwili zilizozimuliwa hivi bado zinaamsha chembe nyeupe za damu, mhariri wa jarida hilo John Maddox akaenda maabara kwake na mwanamazingaombwe James Randi na mwanasayansi Walter Stewart, tyubu zilipofichwa utambulisho matokeo hayakutokea tena.

MASWALI

Mwanachama, Masasi: Mwalimu shikamoo, mashine yetu inaanzia 340 tu, inafaa?
Marahaba. Hapana, IgG inafyonza 280 kwa sababu ya triptofani na tirosini, asidi amino zilizo ndani yake, kwenye 340 utaona uchafu na mapovu tu.

Mwanachama, Nachingwea: Kaka, je nikipata kitu tyubu ya 20 na namba zilifichwa?
Rudia siku nyingine kwa tyubu mpya, chuja maji kwanza. Ikija tena nitumie namba zote, hata zilizokataa, napanda gari nakuja tupime wote.